Mchezo Uliofia Dukani na Kufufukia Uwanjani

Mwaka 1958 kampuni ndogo ya California iitwayo Wham-O iliuza ringi za plastiki kwa kasi ambayo wafanyabiashara wa vichezeo walikuwa hawajaiona. Inakadiriwa kwamba kwa miezi minne tu zilinunuliwa ringi milioni 25, kila moja kwa bei ya dola 1.98, na mitaa ya Marekani ikajaa watoto wanaozungusha viuno. Kabla ya mwaka kwisha, wimbi lilikuwa limekwishakupwa, na maduka yakabaki na shehena zisizo na mnunuzi. Leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, ringi inazungushwa na watu wazima katika bustani za umma, fukweni na kwenye matamasha ya mabara mengi, ikiandamana na ndugu zake: poi, fimbo na mapanga ya moto. Je, kitu kilichokufa mikononi mwa wauzaji hodari kiasi hicho kiliwezaje kurudi na kudumu? Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba duka liliisambaza ringi lakini halikuweza kuitunza. Walioitunza ni watu waliokusanyika, wakatengeneza ringi zao wenyewe, wakafundishana bila ada na kushangilia ustadi wa wenzao. Historia ya sanaa za kuzungusha vyombo, kutoka New Mexico hadi Samoa, inaelekea upande huo huo.

Tuanze na ukweli kwamba ringi haina mwenyewe. Katika jumba la makumbusho la Louvre, Ufaransa, kuna chombo cha udongo cha Wagiriki kilichochorwa yapata mwaka 500 kabla ya Kristo, na juu yake yupo kijana Ganymede mwenye ringi ya kukimbiza na jogoo mkononi. Mwaka 1560 mchoraji Pieter Bruegel alichora uwanja wa mji uliofurika watoto wanaocheza michezo ya kila namna, na sehemu ya mbele wapo wanaokimbiza ringi za mapipa. Mtoto wa Tanga, Kisumu au Bujumbura anayekimbiza ringi ya baiskeli au tairi kuukuu kwa kijiti anacheza mchezo wa ukoo huo huo, na hakuna aliyemuuzia. Ringi hizo zilitokana na kilichokuwa kimetupwa: pipa lililovunjika, baiskeli iliyochoka, mpira uliolika. Utaratibu wake ulipita kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, uwanjani, bila mwalimu wa kuajiriwa. Hapo tayari tunaona mambo matatu yatakayojirudia katika historia hii: chombo kinachoweza kutengenezwa na mchezaji mwenyewe, mafundisho ya bure, na uwanja ulio wazi kwa anayejifunza.

Ushahidi wenye uzito zaidi unatoka kwa Wenyeji wa asili wa Marekani. Miaka ya 1930 Tony White Cloud, mtu wa Jemez Pueblo huko New Mexico, aliipa ngoma ya ringi sura mpya. Mchezaji huchukua ringi kadhaa, zamani zikiwa za matawi ya mierebi yaliyokunjwa, akazipitisha mwilini na kuzifunganisha huku miguu ikifuata mapigo ya ngoma, hadi zinatokea sura za tai, kipepeo au dunia. Ngoma hiyo ilikua chini ya serikali ambayo kwa miongo ilikuwa imezipiga vita ngoma za Wenyeji. Kanuni za mwaka 1883 ziliwatishia washiriki wa ngoma fulani kunyimwa mgao wa chakula au kufungwa, na mwaka 1921 kamishna wa mambo ya Wenyeji alitoa waraka wa kuwataka maofisa wake wazibane ngoma hizo zaidi. Duka halikuzihifadhi, wala shule za serikali hazikuzifundisha. Zilidumu kwa sababu watu waliendelea kukutana. Tangu mwaka 1991 jumba la makumbusho la Heard mjini Phoenix, Arizona, limekuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya ngoma ya ringi, nayo yana daraja la watoto wasiozidi miaka mitano, la vijana, la watu wazima na la waliotimiza miaka 40 na kuendelea. Mtoto anayejikwaa kwenye ringi zake na bingwa aliyezicheza kwa miaka mingi hutumia uwanja mmoja, mbele ya watazamaji wale wale. Urithi hupokelewa kwa namna hiyo.

Visiwa vya Pasifiki navyo vina mifano yake. Poi ya Wamaori wa New Zealand ni mpira mdogo uliofungwa kwenye kamba, ambao zamani ulitengenezwa kwa mimea ya kinamasi na nyuzi za kitani, na huzungushwa hasa na wanawake kwa mahadhi ya wimbo. Mwaka 1982 kiwanda cha nyama kilichokuwa kikiwaajiri wakazi wengi wa mji mdogo wa Patea kilifungwa, na familia nyingi zikaachwa bila kipato. Mwanamuziki Dalvanius Prime alishirikiana na Ngoi Pēwhairangi, mtunzi na mwalimu wa Kimaori, kutunga wimbo uitwao “Poi E”, wakichanganya poi na midundo iliyokuwa ikipendwa na vijana. Kampuni za kurekodi ziliukataa. Patea Māori Club, kikundi cha watu wa mji ule ule uliopoteza kiwanda, kikauimba, na mwaka 1984 ukashika namba moja nchini humo kwa wiki nne. Wauzaji walipofika, jamii ilikuwa imekwishafanya kazi yake. Kwa upande wa Samoa, Freddie Letuli aliongeza moto kwenye ngoma ya kale ya panga mwaka 1946 akiwa San Francisco, baada ya kumwona mla moto wa Kihindi na msichana aliyezungusha fimbo yenye taa. Ngoma ya panga la moto, ambayo watu wengi huidhania kuwa ya kale mno, ilizaliwa pale wasanii wa asili mbalimbali walipokutana katika maandalizi ya onyesho moja.

Hata ringi ya Wham-O ilianzia kwenye mikusanyiko. Australia ilikuwa na ringi za mwanzi zilizotumika katika mazoezi ya shule, na mwaka 1957 kampuni ya Toltoys ya huko ilianza kuzitoa za plastiki, ikauza zipatazo 400,000. Mwaka huo huo Joan Anderson, mwanamke wa Australia aliyekuwa akiishi California, alivutiwa na jinsi watu wa kwao walivyokuwa wakiuchekea na kuufurahia mchezo huo, akatumiwa ringi ya mwanzi kutoka nyumbani. Aliionyesha kwa marafiki, na katika maongezi yao likazuka jina la Hula Hoop, kwa kuwa kiuno kilikwenda kama katika ngoma ya Hawaii. Yeye na mumewe waliipeleka kwa Arthur Melin, mmoja wa waanzilishi wawili wa Wham-O pamoja na Richard Knerr. Makubaliano yalikuwa ya kupeana mikono tu. Biashara ilipolipuka familia ya Anderson haikuona mgao wake, wakaenda mahakamani, na mwaka 1961 shauri likamalizwa nje ya mahakama kwa fedha kidogo. Plastiki yenyewe ilikuwa Marlex, aina ya polietilini iliyogunduliwa mwaka 1951 na J. Paul Hogan na Robert Banks wa kampuni ya Phillips Petroleum. Kampuni hiyo ilikuwa na maghala yaliyojaa plastiki isiyo na soko, na ringi ndizo zilizoyapunguza. Mwaka 1963 Melin alipata hataza ya ringi yake. Kufikia wakati huo watoto walikuwa wamekwishaiacha.

Kwa nini waliiacha upesi hivyo? Maelezo ya kawaida ni kwamba kila mtu alikuwa amekwishanunua, na ringi ya plastiki haivunjiki upesi. Maelezo hayo yanafafanua kushuka kwa mauzo, lakini hayafafanui kuisha kwa mchezo wenyewe, kwa maana mtu mwenye ringi nzima nyumbani anaweza kuizungusha miaka kumi bila kununua nyingine. Kilichokosekana ni sababu ya kuendelea. Ringi ya mwaka 1958 ilikuwa nyepesi na ndogo, ya kumfaa mtoto, na mtu mzima aliyeijaribu iliporomoka magotini mara moja. Matangazo yalimfundisha mtoto tendo moja, na alipoliweza hakukuwa na la pili wala aliyemtangulia wa kumwonyesha. Wham-O hiyo hiyo, wakati huo huo, ilianza kuuza kisahani cha kurusha kinachojulikana kama Frisbee. Kisahani kile kilidumu, na sababu inajulikana: mwaka 1968 wanafunzi wa shule ya Columbia huko Maplewood, New Jersey, walikitungia mchezo wa timu wenye sheria zake, nao ukaenea kutoka chuo hadi chuo kwa mikono ya wachezaji wenyewe. Kampuni moja, zama moja, malighafi za aina moja. Kimoja kilipata jumuiya na kingine kikaikosa, na matokeo yalitofautiana kwa kiwango kile kile.

Jumuiya ya ringi ilipatikana katikati ya miaka ya 1990. Bendi ya String Cheese Incident ya Colorado ilianza kuwarushia mashabiki ringi katika maonyesho yake, na watu wazima wakagundua kwamba wanaweza kucheza nazo kwa kufuata muziki. Zilikuwa ringi za namna nyingine. Wachezaji walinunua mabomba ya polietilini ya kumwagilia mashamba, wakayakata kwa kipimo cha miili yao, wakayaunganisha na kuyazungushia utepe ili yasiteleze. Ringi kubwa na nzito huzunguka polepole, na kwa hiyo humpa mtu mzima nafasi ya kuirekebisha kabla haijaanguka. Mabadiliko hayo madogo yalifungua mlango. Ringi ikatoka kiunoni, ikapanda mabegani na shingoni, ikahamia mikononi, ikawa na mitindo ambayo mtu hawezi kuimaliza kwa msimu mmoja. Tamasha la Burning Man, lililoanza mwaka 1986 kwenye ufuko mmoja wa San Francisco na kuhamia jangwa la Black Rock, Nevada, mwaka 1990, lilizikutanisha ringi na poi, fimbo na moto mahali pamoja. Wachezaji wakaanza kuziona sanaa hizi kama familia moja, wakizihusisha na hali aliyoieleza mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi tangu miaka ya 1970: mtu kuzama katika jambo lenye ugumu unaolingana na uwezo wake, hadi muda unampita bila kujua. Tarehe 7 Julai 2007 wachezaji wa nchi mbalimbali waliadhimisha kwa pamoja siku ya dunia ya ringi, wakigawa ringi kwa watoto wasio na uwezo.

Mtu makini atauliza kama simulizi hii haiisahau biashara kwa makusudi. Bomba la kumwagilia ni la kiwandani, na bila milioni 25 za mwaka 1958 huenda hakuna aliyekuwa na kumbukumbu ya kufufua. Pingamizi hili lina ukweli, nami ninaukubali. Kiwanda kilitoa malighafi, na duka lilipanda kumbukumbu katika kizazi kizima. Hata wacheza ngoma ya ringi wa Arizona siku hizi hutumia mabomba ya plastiki badala ya mierebi. Lakini malighafi ilikuwapo muda wote kati ya mwaka 1959 na 1994, na kumbukumbu pia ilikuwapo, wala hazikuzaa chochote cha maana. Kilichoongezeka ni kundi la watu lenye sababu ya kukutana mara kwa mara. Pingamizi la pili ni zito zaidi: zipo ngoma nyingi zilizokuwa na mikusanyiko mikubwa na bado zikafa. Ni kweli. Ndiyo maana sisemi kwamba mkusanyiko wowote unatosha. Nasema ni sharti la lazima, na hufanya kazi pale tu anayeanza anapokaribishwa. Ngoma inayowaacha vijana wawe watazamaji wa wazee imeanza kufa hata kama uwanja umejaa.

Pingamizi la tatu linahusu haki. Poi ni mali ya utamaduni wa Wamaori, ngoma ya ringi ina maana ya kiroho kwa Wenyeji wa asili wa Marekani, na hula, ambayo jina lake lilibandikwa kwenye plastiki, ni ngoma ya watu wa Hawaii waliopigwa marufuku kuicheza hadharani mwaka 1830 na kuirudisha kwa fahari enzi za Mfalme Kalākaua. Je, mtu wa tamasha anayezungusha vyombo hivi kwa kujifurahisha hawaibii wenyewe? Wizi unawezekana, na umewahi kutokea: jina la ngoma lilichukuliwa, likasajiliwa na kuuzwa, na watu wa Hawaii hawakuulizwa. Ila tuangalie ulitokea wapi. Ulitokea sokoni, ambako kitu hutengwa na waliokitunza ili kiuzike. Mkusanyiko una njia ya kuepuka kosa hilo, kwa sababu ndani yake mafundisho yana jina la mwalimu na mwalimu ana jina la aliyemfundisha. Mchezaji mwenye adabu hutaja asili ya poi, hutofautisha mzunguko wa burudani na ngoma ya ibada, na haigizi mavazi wala alama takatifu za watu wengine. Kuzungusha ringi ni kwa wanadamu wote, lakini ngoma ya Jemez ina wenyewe. Mpaka huo unaweza kuheshimiwa bila kumnyima mtu furaha.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana pingamizi zao: kwamba huu ni mchezo wa kigeni, wa kupoteza muda, na kwamba kuzungusha kiuno hadharani ni aibu. Kuhusu ugeni, tumeona kwamba ringi ya baiskeli haikungoja mtu wa California. Zaidi ya hapo, Tanzania ilipeleka vijana China miaka ya 1960 kujifunza sarakasi, sanaa hiyo ikafundishwa katika chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na Nairobi ina Sarakasi Trust, inayofanyia kazi zake katika jengo lililokuwa sinema ya Shan mtaani Ngara. Kuzungusha vyombo si jambo geni kwetu, ila mara nyingi tumeliacha jukwaani kwa mafundi, tukabaki kupiga makofi. Kuhusu kiuno, chakacha ya harusi za Mombasa na Lamu inaonyesha kwamba pwani haijawahi kukichukia kiuno kinachocheza. Imejali nani anacheza, mbele ya nani, na wapi. Utaratibu huo unaweza kuendelea: kinamama wakawa na uwanja wao, watoto wakawa na wao, na asiyependa kiuno akacheza kwa mikono. Kuhusu kupoteza muda, uchunguzi uliofanywa Chuo Kikuu cha Wisconsin–La Crosse mwaka 2010 ulikuta kwamba nusu saa ya ringi huunguza takriban kalori 210, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Auckland waliwafundisha wazee kuzungusha poi kwa mwezi mmoja, wakaona nafuu katika mizani ya mwili, nguvu ya kushika na umakini. Michelle Obama alijua alichokuwa akifanya alipozungusha ringi mara 142 kwenye bustani ya Ikulu ya Marekani, Oktoba 2009, katika siku ya afya ya watoto.

Moto unastahili jibu lake, kwa kuwa hatari yake si ya kudhania. Utambi wa poi ya moto hufumwa kwa Kevlar, uzi uliobuniwa na Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont mwaka 1965, huchovywa kwenye mafuta, na ukigusa nguo ya nailoni madhara ni makubwa. Hata hivyo, hatari hiyo inathibitisha hoja kuliko kuidhoofisha. Desturi ya wachezaji ni kwamba hakuna anayewasha moto akiwa peke yake. Yupo anayesimama kando na blanketi au taulo lenye maji, akimtazama mchezaji na si onyesho. Mafuta huwekwa mbali na mduara, mafuta ya ziada hukung’utwa kabla ya kuwasha, mavazi huwa ya pamba, na anayeanza hufanya mazoezi miezi mingi bila moto. Vifaa husaidia, lakini kinachomlinda mchezaji zaidi ni mwenzake aliyekubali kutocheza kwa dakika hizo ili mwingine acheze salama.

Limebaki swali la zama zetu. Intaneti inafundisha kila mtindo bure, na wakati wa janga la korona mwaka 2020 ringi ziliuzwa tena kwa wingi kwa watu waliojifungia majumbani. Je, hii si dalili kwamba mikusanyiko haihitajiki tena? Video ni mwalimu mzuri, na kwa mtu wa kijiji kisicho na mchezaji mwingine huenda ndiye mwalimu pekee. Lakini video haimwoni mwanafunzi. Haiwezi kumwambia kwamba bega lake limekakamaa, haimshangilii anapofaulu, wala haisimami kando na blanketi. Anayejifunza kwenye simu amepata mtindo, naye atautafutia watu wa kuuchezea. Asipowapata, yuko katika hali ya mtoto wa mwaka 1958, ambaye alikuwa na chombo na tendo moja bila wenzake, na tunajua mchezo wake ulidumu miezi mingapi.

Hoja hii inadai vitendo. Halmashauri inayouza kila kiwanja cha wazi inaua michezo ambayo haijazaliwa bado. Mwandaaji wa tamasha anayewapanga wasanii jukwaani na kuwaacha wengine wote kwenye viti ameandaa onyesho, na onyesho peke yake halirithishi kitu. Gharama ya njia nyingine ni ndogo: mita chache za bomba la maji, kiunganishi, utepe, sehemu ya uwanja iliyotengwa kwa wanaojaribu, na watu wawili watatu wenye subira ya kufundisha. Shule zinaweza kufanya hivyo katika somo la michezo, vikundi vya vijana vinaweza kufanya hivyo Jumapili jioni, na wazee wanaweza kushirikishwa kwa faida ya miili yao. Wham-O ilikuwa na kiwanda, matangazo na hataza, ikashindwa kuuweka mchezo hai hata miaka miwili. Watu wenye mabomba na utepe wameuweka hai kwa zaidi ya miaka 25, na jamii za Wenyeji zimeutunza wao kwa vizazi. Anayetaka mchezo wowote udumu, uwe wa ringi, wa poi au wa babu zake mwenyewe, aanze kwa kumkaribisha uwanjani yule asiyeuweza.